Nchi zikishirikiana mipakani mzigo unakamatwa, ila kesi zinaishia wapi?

Mzee wa Manifesti

Wakuu habari za muda huu.

Kuna ile picha tumeizoea wote. Maafisa wamesimama nyuma ya meza, paketi zimepangwa vizuri, bendera mbili tatu pembeni, halafu mkubwa mmoja anashika maiki anasema haya ni matunda ya ushirikiano mzuri na nchi rafiki. Baada ya hapo kimya. Ukifuatilia mwaka mmoja baadae unakuta aliyeko ndani ni dereva, baharia mmoja na kijana aliyekodi godauni kwa jina lake. Mwenye mzigo hajulikani na mzigo mwingine ulishapita.

Humu kila uzi wa madawa au wa wahamiaji unaishia kwenye "mapapa hawaguswi". Inawezekana kabisa, sibishi. Ila kuna kitu kingine ambacho hakisemwi sana na mimi ndo nataka tukijadili: nchi zinashirikiana sana kwenye kukamata na kidogo mno kwenye kushtaki. Taarifa ya kiintelijensia inaruka mpaka kwa simu moja, ushahidi wa kusimama mahakamani unasubiri barua, mihuri, tafsiri, wizara ya mambo ya nje ya huku na ya kule, na mpaka ufike mtuhumiwa ana dhamana au kaondoka.

Ngoja niwape mfano wa baharini. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ikiwa kwenye kile kikosi cha pamoja cha wanamaji chenye makao yake Bahrain, ilisimamisha jahazi maili kama 27 nje ya Mombasa. Katikati ya mifuko ya saruji wakakuta kilo 1,032 za heroini. Zaidi ya tani moja wakuu. Ikamwagwa baharini. Na mabaharia? Utaratibu wa kikosi kile ulikuwa kuharibu mzigo na kuwaachia watu waende zao, sio kwa huruma ila kwa sababu ukishamkamata mtu bahari kuu unatakiwa uwe na nchi itakayokubali kumpokea na kumshtaki, vielelezo vitoke melini mpaka mahakamani bila kupotea mikononi, na yule mwanajeshi aliyefungua mfuko aje kizimbani kutoa ushahidi miezi kadhaa baadae akiwa ameshapangiwa meli nyingine upande wa pili wa dunia. Hakuna aliyekuwa tayari kubeba huo mzigo, kwa hiyo heroini ilienda chini na mnyororo wa watu ukabaki vilevile.

Sasa linganisha na kesi ya ndugu Akasha, wale wauza unga wa Mombasa. Pale tangu siku ya kwanza walioifanya walikuwa wanaiwaza mahakama. Watu wa DEA, shirika la Marekani la kupambana na madawa, waliwatuma watoa taarifa waliojifanya wawakilishi wa wanunuzi wa Colombia, vikao vikarekodiwa, wakakamatwa Mombasa Novemba 2014. Halafu angalia muda: kesi ya kuwapeleka Marekani ilizungushwa mpaka Januari 2017 ndo wakapandishwa ndege. Oktoba 2018 wakakiri makosa, na kwenye hayo maelezo ya kesi ikawekwa wazi kwamba kulikuwa na rushwa kwa maafisa, mpaka mahakamani, ili wasisafirishwe. Agosti 2019 Baktash akapigwa miaka 25. Kwa hiyo inawezekana. Ila tuseme ukweli, iliwezekana kwa sababu nchi moja kubwa iliamua kulipia kila kitu na kuhukumu kwao.

Wajuvi wa bandari, wanasheria, watu wa uhamiaji, karibuni. Matusi pembeni.

mtakalo

Uzi mzuri mkuu. Nimeweka kiti naangalia wanasheria wakija.

Kipanga Mweusi

Mimi nakupinga kidogo mzee. Unaongea kama vile kukamata ni rahisi, kwamba tatizo lipo mbele huko kwenye kesi. Hao wanaokamatwa ni sehemu ndogo sana, mzigo mwingi unapita mchana kweupe na makaratasi yake yote. Anzia hapo kwanza.

Bandarini

Kipanga yuko sahihi na Mzee yuko sahihi, ngoja niwaelezee kinachotokea kwenye kontena maana kazi ya uwakala wa forodha nimeifanya miaka mingi na watu wengi wanadhani madawa yanafichwa kwenye bidhaa ya mhusika. Siku hizi mara nyingi mwenye kontena hajui chochote.

Inakuwa hivi. Mtu kapakia bidhaa yake halali, kontena limefungwa, sili imepigwa, namba ya sili iko kwenye bili ya shehena. Kontena linafika bandari ya kupakia au ile ya katikati linapobadilishiwa meli, linakaa yadi siku kadhaa. Hapo kuna mtu wa ndani. Anakata sili, anarusha mabegi manne matano mlangoni kabisa, hayaendi ndani maana hana muda, anafunga na sili bandia yenye namba ileile. Bandari ya kushushia kuna mwenzie, naye anatakiwa afike kabla ya mwenye mali. Anakata, anachukua mabegi, anapiga sili nyingine ya namba hiyohiyo. Ndo maana maafisa wakifungua mabegi wanakutaga sili ya ziada humo ndani pamoja na mzigo. Ukiona ile sili ya ziada ujue upande wa pili kuna mtu aliyekuwa anasubiri, na huyo ndo wa maana kuliko mabegi.

Sasa afisa mzuri anaangalia nini. Anaangalia boliti za komeo la mlango kama rangi imeguswa, anaangalia kama kontena la friji paneli ya mashine imefunguliwa, anaangalia uzito, maana tangu Julai 2016 kontena haliruhusiwi kupakiwa melini bila uzito uliothibitishwa. Ila hivyo vyote ni baada ya kulichagua hilo kontena kati ya maelfu. UNODC, ofisi ya UN ya madawa na uhalifu, wenyewe husema yanayokaguliwa duniani hayafiki asilimia 2. Marekani walipitisha sheria 2007 kwamba kila kontena linaloenda kwao lipigwe skana bandari ya nje kabla ya kupakiwa, mwisho 2012. Mpaka leo wanaahirisha, haitekelezeki, foleni ingeua biashara yote.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye makaratasi. Wamarekani tangu mwisho wa 2002 wanataka manifesti, yaani orodha ya mzigo, saa 24 kabla kontena halijapakiwa, na wana maafisa wao wa forodha wamekaa kwenye bandari za nje zaidi ya 50, wanakaa na wenyeji ofisi moja, wanasema hili na lile tulifungue. UNODC na shirika la forodha la dunia nao tangu 2004 wana programu yao ya kuunda vitengo bandarini ambapo polisi na forodha wanakaa meza moja na kutumiana ujumbe na bandari nyingine moja kwa moja bila kupitia makao makuu. Hiyo ya kukaa meza moja msiidharau. Kuna sehemu forodha na polisi wa nchi MOJA hawaongei, halafu unataka waongee na wa nchi nyingine.

mtakalo

Amesema Bandarini:
> Siku hizi mara nyingi mwenye kontena hajui chochote.

Kwahiyo mtu anaagiza vigae vyake anaamka na kesi ya kilo 80??

Bandarini

Ndo hivyo mkuu. Ndo maana mimi nilikuwa nawaambia wateja sili ikifika wapige picha wenyewe kabla haijaguswa na mtu. Na hilo la kuwahi kontena wahuni wameliboresha, Antwerp kati ya 2011 na 2013 kuna genge lilikuwa limewaajiri wadukuzi, wakaingia kwenye kompyuta za kampuni za bandarini wakawa wanajua kontena lipo wapi na namba ya siri ya kulitoa, wanatuma dereva wao na kontena linatoka getini kihalali kabisa. Mwenye nalo akifika anaambiwa mbona umeshachukua.

Bi Swafaa

Nimesoma kimya kimya nikaona niingie, maana mnaongelea unga tu na upande wa binadamu una maumivu yake.

Kwanza tuliweke sawa hili, kwa sababu kesi nyingi zinafia hapa. Kuna mtu amelipa avushwe mpaka, na kuna mtu amedanganywa kazi, kanyang'anywa pasipoti, anatumikishwa. Mikataba ya Palermo ya mwaka 2000, ile ya UN dhidi ya magenge ya kimataifa, inawatenganisha, kila mmoja ana itifaki yake. Wa kwanza, itifaki inasema asishtakiwe kwa sababu tu ya kuvushwa, anayetafutwa ni mvushaji. Wa pili ni mwathirika, anatakiwa alindwe. Kwenye vitabu. Huku chini kinachotokea ni kwamba lori linakamatwa na watu 40 ndani, wote 40 wanashtakiwa kwa kuingia bila kibali, wanakaa mahabusu, wanarudishwa kwao. Shahidi pekee anayeweza kusema nilimlipa nani, wapi, kwa namba gani ya simu, umeshampandisha ndege ukamrudisha. Halafu mwendesha mashtaka analalamika hana ushahidi dhidi ya kiongozi wa genge!

Na hata pale ambapo polisi wana kila kitu, mambo madogo yanaua. Agosti 2015, barabara kuu Austria karibu na Parndorf, lori la friji la kuku limeachwa pembeni, ndani watu 71 wamekufa kwa kukosa hewa, wanne watoto. Genge lile simu zake zilikuwa zinasikilizwa na polisi wa Hungaria tayari. ZILIKUWA ZINAREKODIWA. Ila mazungumzo yalihitaji mkalimani na hakukuwa na mtu anayeyasikiliza muda ule yakitokea, yalitafsiriwa baadae. Madereva walikuwa wanaambiana kwamba watu wanagonga, wanapiga kelele, mkubwa wao anawaambia msifungue. Nikisoma ile kesi huwa naifunga nakwenda kutembea.

Ila kwa hoja yako Mzee wa Manifesti, baada ya pale ushirikiano ulifanya kazi. Austria ndo walikuwa na miili, uchunguzi ukaonyesha watu walikufa wakiwa bado upande wa Hungaria, Austria wakakabidhi jalada lote bila kuvutana, kesi ikaendeshwa Hungaria. 2018 wanne wakapewa miaka 25, 2019 rufaa ikapandisha kuwa maisha. Hakuna nchi iliyosema hii ni yangu nataka sifa.

Kipanga Mweusi

Dada Swafaa hapo kwenye mkalimani umenimaliza. Mabilioni yanaenda kwenye droni.

ndugu_mpelelezi

Mnaongea vizuri sana ila mbona hamtaki kugusa kidonda? Nchi tajiri zikisema "ushirikiano" mara nyingi maana yake ni kwamba mpaka wao wanausogeza uje nje kwa mwenzao, halafu kazi chafu anafanya mwenzao. Italia na Ulaya kwa ujumla wamewapa walinzi wa pwani wa Libya boti, mafunzo, hela. Sasa nani alikuwa kwenye hao walinzi? Alikuwepo jamaa Abd al-Rahman al-Milad walimuita Bija, kamanda wa walinzi wa pwani kule Zawiya. Mei 2017 alikuwa Italia kwenye ziara ya kikazi na maafisa, wanajadiliana mambo ya uhamiaji. Juni 2018 Baraza la Usalama la UN likamuwekea vikwazo kwa kuhusika na magendo ya watu. Mwaka mmoja tu hapo katikati. Huyo ndo mlikuwa mnampa boti.

Na hiyo sio zamani. Januari 2025 mkuu mmoja wa magereza wa Tripoli, Osama Njeem, akakamatwa Turin kwa waranti ya mahakama ya ICC, tuhuma za mateso na mauaji kwenye magereza ambayo wahamiaji nao wanafungiwa. Baada ya siku mbili tu Italia wakamuachia, wakampandisha ndege ya serikali mpaka kwao akapokelewa kwa shangwe. Wenyewe wakasema waranti ilikuwa na kasoro za utaratibu. Mimi naona kasoro ilikuwa moja, kwamba walimhitaji.

Kwa hiyo mzee ukisema kesi zinaishia wapi, nyingine zinaishia hapo. Mshirika wako ndo mtuhumiwa wako.

Mzee wa Manifesti

Ndugu_mpelelezi hilo nalikubali na nilijua litakuja tu. Na sio Libya peke yake. Mexico walikuwa na Genaro García Luna, waziri wa usalama 2006 mpaka 2012, huyo ndo aliyekuwa anakaa na Wamarekani kupanga vita dhidi ya magenge ya unga, picha kibao za kupeana mikono. Februari 2023 mahakama ya Brooklyn ikamtia hatiani kwa kulipwa na genge la Sinaloa, Oktoba 2024 miaka 38 na zaidi. Fikiria taarifa zilizopita mezani kwake miaka yote hiyo. Fikiria watoa taarifa waliotajwa humo.

Ndo maana maafisa hawapeani taarifa kamili hata kama mkataba umesainiwa. Mtu anakwambia tu "angalieni kontena namba fulani", hasemi amejuaje. Wewe unafungua unakuta mzigo, safi, ila ukifika mahakamani wakili anauliza mlijuaje kuna nini humo ndani, unabaki unasema tulipata taarifa za kiintelijensia. Hakimu anaandika. Kuna kesi zinakufa hapo hapo na hakuna rushwa yoyote iliyotembea, ni kwamba aliyetoa taarifa hataki kuja kusema na ana sababu zake nzuri za kutokuja.

Chambilecho

Mi nataka kuuliza swali tofauti na msinicheke. Nchi A inajua raia wake wako nchi B wanakaribia kubeba unga. Nchi B ina adhabu ya kifo. Nchi A iwaambie au isiwaambie?

Bi Swafaa

Hamna wa kukucheka, hilo swali limeshatokea na watu wamekufa. Aprili 2005 polisi wa shirikisho wa Australia waliwapa taarifa polisi wa Indonesia kuhusu vijana wao waliokuwa Bali, majina mpaka namba za pasipoti. Wakakamatwa tisa na kilo 8 na kitu za heroini. Australia haina adhabu ya kifo. Wawili wakapigwa risasi 29 Aprili 2015, mmoja alikufa kwa saratani akiwa bado anatumikia kifungo, mwingine aliachiwa akarudi mapema, na watano waliobaki wakarudishwa Australia Desemba 2024 baada ya karibu miaka 20.

Wangeweza kuwasubiri uwanja wa ndege wa kwao, wakawakamata na kuwashtaki kwa sheria zao, na wakamfuata aliyekuwa anaupokea mzigo. Ndo utaratibu ambao mkataba wa UN wa madawa ya kulevya, ule wa Vienna wa 1988, unauruhusu wazi, mzigo unaachiwa upite huku mnautazama mpaka umfikie mwenyewe. Polisi wao walijitetea kwamba hawakuwa na ushahidi wa kutosha kuwakamata kabla hawajaondoka. Sawa, ila kati ya kutokamata na kukabidhi majina kuna njia nyingi. Baadae miongozo yao ilibadilishwa, sasa kesi za aina hiyo lazima zipimwe na ngazi ya juu kabla taarifa haijatoka.

Kipanga Mweusi

Mimi hapo siko na wewe dada. Ukianza kuchuja taarifa kwa kuangalia sheria za mwenzio, kesho na yeye atakuchujia. Indonesia waliletewa taarifa ya kosa linalotendeka kwenye ardhi yao, wana haki ya kujua. Hao jamaa walijifunga kilo kadhaa mwilini kwa hiari yao.

Bi Swafaa

Haki ya kujua wanayo. Ila wale punda wanne waliofungwa mzigo mwilini ndo wa chini kabisa kwenye biashara, na kwa kuwakamata pale kilichopotea ni njia ya kumfikia aliyekuwa anaupokea. Hata ukiweka huruma pembeni, kiupelelezi ilikuwa hasara.

mtakalo

Hapa nimekubali kwa wote wawili sijui nifanyeje 😂

Chambilecho

Swali la pili basi. Interpol si wana madatabase ya kila kitu, kwanini mtu anapita na pasipoti ya wizi?

Bandarini

Database ipo, anayeiangalia ndo hayupo. Tangu 2002 Interpol wana orodha ya pasipoti zilizoibiwa na kupotea. Machi 2014 ile ndege ya Malaysia iliyopotea, MH370, walikuwemo abiria wawili wanasafiri na pasipoti za wizi, moja ya Austria moja ya Italia, na zote zilikuwa kwenye orodha. Hakuna nchi iliyokuwa imeziulizia kwenye mfumo. Wale vijana hawakuwa na ubaya wowote, walikuwa wanatafuta maisha Ulaya, ila angalia, taarifa ipo sehemu moja na afisa yuko sehemu nyingine na kati yao hakuna waya. Kaunta ya uhamiaji afisa ana sekunde chache kwa abiria, kama mfumo hauulizi wenyewe automatiki yeye hataanza kufungua ukurasa mwingine huku foleni imefika mlangoni.

ndugu_mpelelezi

Na upande mwingine taarifa ikiwa mbovu inapita haraka vilevile. 2016 Italia na Uingereza walitangaza kwa mbwembwe kwamba wamempata "Jenerali", mvushaji mkubwa kutoka Eritrea, kakamatwa Khartoum kaletwa Italia. Watu waliomjua Jenerali wakasema huyu siye, marafiki wakasema siye, ndugu wakaja na vielelezo siye. Kesi ikaenda miaka mitatu. Julai 2019 mahakama ya Palermo ikakubali kwamba ni mtu mwingine mwenye jina la kwanza linalofanana, akaachiwa. Miaka mitatu ndani! Na yule halisi muda wote huo yuko nje.

Mzee wa Manifesti

Na kwa Kidane Zekarias Habtemariam, mvushaji mwingine wa Eritrea, ilikuwa kinyume chake, kwamba walikuwa wameshampata. Ethiopia wakamfikisha mahakamani, 2020 akatoroka pale pale mahakamani Addis, akahukumiwa maisha bila yeye kuwepo. Ikabidi Interpol na polisi wa Emirati wafuatilie hela zake na za ndugu zake mpaka akakamatwa Sudan tarehe 1 Januari 2023. Kilichompata sio doria ya mpakani, ni miamala.

Kipanga Mweusi

Sasa hapo ndo nilikuwa nasubiri. HELA. Tumeandika uzi mzima kuhusu makontena na malori, wakati mwenye biashara hagusi kontena wala lori. Vitengo vya taarifa za fedha vya nchi mbalimbali vina umoja wao tangu 1995, Egmont, wanaweza kuulizana hii akaunti ni ya nani. Ila walinzi wa mpaka na watu wa fedha wako ofisi tofauti, wizara tofauti, na aliyekamata lori wala hawazi kuomba miamala ya mwenye lori. Akishahesabu watu na kupiga picha amemaliza.

Chambilecho

Kuna mfano wowote ambapo walifanya vizuri mwanzo mpaka mwisho? Au tunalia tu.

Bi Swafaa

Upo, Essex. Oktoba 2019 Wavietnam 39 wakakutwa wamekufa kwenye trela Uingereza, lilikuwa limevuka bahari kutoka Zeebrugge Ubelgiji kwenda Purfleet. Uingereza, Ireland, Ubelgiji na Ufaransa wakaunda timu moja ya upelelezi kupitia Eurojust, shirika la Ulaya linalounganisha waendesha mashtaka. Simu, kamera za barabarani, rekodi za feri, nyumba walikofichwa watu, teksi zilizowapeleka, vyote vikawekwa sehemu moja. Januari 2021 Uingereza wakuu wa genge wakapata miaka 27 na 20. Ubelgiji wakahukumu wa kwao 2022, aliyekuwa anaongoza upande huo miaka 15. Ufaransa wakafuata 2023, na Vietnam walikuwa wameshahukumu baadhi ya walioandaa safari. Dereva alifungwa, ndio, ila safari hii na waliomtuma.

ndugu_mpelelezi

Baada ya watu 39 kufa. Na bado boti ndogo za wahamiaji zinavuka kutoka Ufaransa kwenda Uingereza, 2022 walivuka zaidi ya 45,000 na Uingereza ikaja kuahidi kuwalipa Ufaransa zaidi ya pauni milioni 470 kwa miaka 3 za kulinda fukwe. Hela ya doria inapatikana haraka sana aisee.

Kipanga Mweusi

Hiyo timu ya pamoja inaundwaje? Ni lazima muwe Ulaya?

Bi Swafaa

Hapana. Mkataba wa Palermo ibara ya 19 unasema nchi zinaweza kuingia makubaliano ya kupeleleza pamoja, na kama makubaliano hakuna, wanaweza kukubaliana kwa kesi moja moja. Wenzetu wa Ulaya wamerahisisha zaidi, wana fomu ya mfano, inaandikwa nchi zipi, kosa gani, nani kiongozi kila upande, muda gani. Faida yake kubwa ni kwamba alichokusanya mpelelezi wa upande mmoja kwa utaratibu wa kwao kinatumika upande wa pili bila kuanza kuandikiana barua za maombi upya. Huo ndo msumari wa swali la Mzee. Ila mwendesha mashtaka awemo tangu mwanzo, sio aletewe jalada limeshaiva vibaya.

Bandarini

Na wahakikishe kwenye hiyo fomu mkalimani ameandikwa kwa zamu, mchana na usiku, sio "atatafutwa ikihitajika". Na mtu wa miamala. Droni mtaniletea baadae.

mtakalo

Mzee wa Manifesti uzi wa hawala, ile ya kutuma hela bila benki, utaleta lini? Maana Kipanga kashawasha moto.

Mzee wa Manifesti

Nauandaa. Kipanga njoo inbox unisaidie hapo kwenye Egmont, na kama kuna mtu amewahi kuomba kumbukumbu za miamala kutoka nchi nyingine kwa ajili ya kesi aseme ilichukua muda gani.